Watoto Wasiokaa Kitako

Kumbo, 3 Februari 2018

Kwako mdogo wangu Lukong, Tanyi, yaani baba wa pacha,

Pokea salamu za huku kwenye baridi na vumbi. Sisi tu wazima. Kifua kilinibana Krismasi yote lakini sasa napumua. Mbuzi wa jirani yetu Mama Shemlon amezaa. Kaburi la marehemu mke wako nimelipalilia na nimepanda maua upande wa kichwani. Binti yako Limnyuy amerefuka, lile gauni ulilomletea sasa analivaa kama blauzi. Anakusalimu. Pacha nao wanakusalimu, ingawa sasa hivi mmoja yuko juu ya dari anatafuta panya na mwingine anamwelekeza kwa fimbo kutoka chini.

Simu usihangaike nayo. Mnara umechomwa, na hata wenye simu huziacha nyumbani, maana barabarani wale wapiganaji wa msituni na wale askari wa malori wote wanataka kujua umeongea na nani. Yenika, dereva wa lori la viazi, amekubali kutubebea barua. Anaziweka chini ya magunia. Ikikufikia inanuka udongo usishangae.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Shule yetu huu ni mwaka wa pili imefungwa. Mbuzi wanalala katika darasa langu. Wale wa msituni waliosema watoto wa huku wasisome hawajabadili kauli. Juzi nilimwonyesha Tatah pakiti ya chumvi nikamuuliza hapa pameandikwa nini, akasema, “Pameandikwa chumvi, si umeitoa humo?” Nilicheka, kisha sikulala. Nikasema pacha wa mdogo wangu hawatafika miaka saba bila herufi, nitawafundisha mwenyewe humu ndani. Nimefundisha darasa la kwanza tangu ujanani, watoto sitini chumba kimoja. Watatu watanishinda nini?

Wamenishinda, Lukong. Nilifunga pazia, nikaweka meza, nikapanga ratiba kama ya shuleni: kusoma, kuandika, hesabu, mapumziko. Limnyuy anakaa. Pacha, kabla sijamaliza kuandika tarehe, Nsame yuko chini ya meza na Tatah yuko juu yake. Nikiuliza herufi hii inaitwaje, Tatah ananijibu, “Shangazi, hiyo ina tumbo. Ina mimba?” Basi Nsame anacheka mpaka anapaliwa. Nimewapiga, nimewanyima karanga, nimewafunga kwa kanga kwenye viti. Walitembea na viti.

Shuleni kelele ilikuwa kelele tu. Hapa nyumba iko karibu na barabara, na kelele ya watoto wanaotamka herufi kwa pamoja kila mtu anaijua ni ya nini. Niambie utakuja lini kuwachukua.

Dada yako,
Vernyuy


Bonaberi, Duala, 25 Februari 2018

Dada yangu Vernyuy,

Nakusalimu kwa mikono miwili kama mama, maana tangu wazazi watutoke huna jina lingine kwangu. Barua ilinifikia na udongo wake, nikainusa kabla ya kuifungua. Mimi ni mzima. Kazi ya mbao ipo. Watu wetu wanaokimbia huko wanafika hapa bila kitu, kila mtu anataka kitanda, hata cha kulipa kidogo kidogo. Huku joto limezidi, na mbu hawana adabu.

Kuhusu pacha, dada, unawadekeza. Sisi baba alitufundisha vipi? Alikaa mlangoni na fimbo yake, tukakaa kimya, tukasoma. Mtoto asiyeweza kukaa kitako hawezi kujifunza. Wabane. Ukilegeza mara moja wamekushinda maisha yote.

Kuja kuwachukua, nitakuja. Hapa chumba ni kimoja na mambo bado hayajakaa sawa. Mvua ikipita tutaongea. Nawatumia penseli na daftari. Nimezifungia ndani ya suruali ya kazi ili zisionekane.

Mwambie Tatah atoke darini.

Lukong


Kumbo, 8 Aprili 2018

Mdogo wangu Tanyi,

Tumepokea suruali na vilivyomo. Mvua imeanza vizuri. Tumepanda mahindi na maharage mpaka kule chini kwenye mnavu. Mama Shemlon anakusalimu, jino limemtoka la mbele na anasema sasa hawezi kukutukana vizuri. Upande wa sokoni nyumba kadhaa zimechomwa. Sitaandika za nani.

Fimbo ya baba niliijaribu, kwa kuwa ulisema. Nikaiacha. Siku ile nilikuwa nimechoka, nikawaambia basi, nendeni mkapande maharage, mimi sina nguvu ya kupigana nanyi. Nikamsikia Nsame anasema, “Mbili shimo hili, mbili shimo lile, ngapi?” Tatah akajibu bila kuinua kichwa. Wakafika mwisho wa tuta wanajumlisha na kushindana, na mimi nimesimama na jembe langu kama mjinga. Wiki nane nimelilia hesabu hiyo mezani.

Tangu hapo nimeitupa ratiba. Hesabu tunafanya kwenye matuta. Herufi nazichora kwenye jivu la mekoni, au kwenye unga kabla ya kusonga ugali, kisha tunafuta kwa kiganja, na kama mtu akibisha hodi hakuna cha kuona. Wakitaka kukimbia wanakimbia: naita sauti ya herufi na wao wanakimbilia kitu kinachoanza nayo, mmoja kwenye kuku, mwingine kwenye kisima. Mvua ikinyesha tunasoma kitandani chini ya blanketi, wote wanne, na miguu yao inanipiga mbavu. Siku wakiamka vichwa vibovu hatusomi kabisa, tunachambua maharage na kuhadithiana. Kesho yake wanakuja wenyewe. Limnyuy ananisahihishia daftari za wadogo zake na ni mkali kuliko mimi.

Na Tatah anasoma, Lukong. Alikuwa wa mwisho, sasa huwezi kumzuia. Anasoma gunia la mbolea, kopo la maziwa, kanga niliyovaa. Juzi kanisani alisoma jina lililoandikwa kwenye benchi kwa sauti mpaka padri akakatisha mahubiri. Watu walicheka. Baada ya misa Mama Shemlon alinishika mkono akanivuta pembeni.

“Vernyuy, mtoto huyo kafundishwa na nani?”

“Kajifunza mwenyewe.”

“Sawa,” akasema. “Na mimi jino langu limetoka lenyewe. Mwambie afunge mdomo.”

Nimemwambia. Anafunga asubuhi, mchana umefunguka. Nawezaje kumfundisha mtoto kusoma na wakati huo huo nimfundishe kuficha? Ana miaka sita. Usingoje mvua ipite. Waje kwako sasa.

Vernyuy


Bonaberi, 13 Mei 2018

Dada Vernyuy,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia wanasoma. Niliwasomea barua yako mafundi wenzangu, wakacheka sana pale kwenye kanga. Mimi mgongo unauma kidogo kwa sababu ya randa, si kitu.

Dada, nikueleze jambo. Siishi peke yangu. Naishi na mwanamke, anaitwa Odile, ni mtu wa hapahapa, ana watoto wake wawili. Chumba ni chake. Si mtu mbaya. Lakini nilipomweleza juu ya watoto alisema chumba hiki kinaweza kuongeza mtoto mmoja, hakiwezi kuongeza watatu, na ukipaangalia utaona hasemi uongo. Mwenye nyumba naye hapendi kupangisha watu wetu. Anasema tunaleta vita.

Kwa hiyo nitumie mmoja kwanza. Tatah, kama ndiye mwenye hatari. Wengine watafuata nikipata nafasi. Yenika atamweka mbele, pamoja na utingo.

Usinikasirikie.

Lukong


Kumbo, 2 Juni 2018

Lukong,

Hatujambo. Mahindi yamefika magotini.

Hongera ya mke. Ningefurahi kumjua kabla ya kujua ukubwa wa chumba chake.

Pacha hawagawanywi. Hilo hukufundishwa na mimi, ulizaliwa ukalikuta. Nsame hata chooni haendi kabla ya kujua Tatah yuko wapi. Ukiwa na nafasi ya watatu niambie. Ukiwa na nafasi ya mmoja, mpangishe mtu mwingine.

Tunaendelea. Tumefika hesabu za kutoa.

Vernyuy


Kumbo, 19 Agosti 2018

Mpendwa Baba,

Shangazi anasema nikuandikie yeye anasema mimi naandika. Sisi wote tu wazima. Mahindi tumevuna. Mama Shemlon ndiye aliyetusaidia kuvuna. Mvua ni nyingi. Shangazi anasema mkono umechoka na jembe ndiyo maana mimi naandika na pia anataka uone mwandiko wangu kwamba ni mzuri.

Shangazi anasema uwachukue wote watatu mwezi huu, mtalala wima kama ni lazima. Anasema umwombe radhi mke wako kwa niaba yake. Anasema hatakusumbua tena kwa neno lingine.

Anasema Tatah hasumbui siku hizi. Anakaa.

Hatusomi sasa. Tunapumzika.

Shangazi anasema niishie hapo.

Mwanao,
Limnyuy


Bonaberi, 1 Septemba 2018

Dada yangu,

Barua nimeisoma mara nyingi. Mwandiko wa binti yangu ni mzuri na nimeuonyesha mtaa mzima. Lakini wewe umeshika jembe tangu utoto na hujawahi kuchoka mkono wa kuandika. Nini kimetokea? Nilimbana Yenika. Alisema, “Mimi nabeba viazi,” akawasha lori.

Nimeongea na Odile. Nimemwambia wanakuja watatu, na kama hapatoshi mimi nitalala karakanani juu ya mbao. Akachukua ndoo, akatoka. Mpe Yenika wote watatu safari ijayo. Na wewe panda nao. Usiniulize utalala wapi.

Lukong


Bonaberi, 18 Novemba 2018

Dada yangu Vernyuy,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Watoto walifika salama, kama Yenika alivyokwisha kukuambia. Uliwafungashia vizuri, hata viazi vya kuchemsha vilikuwa bado havijaharibika. Nilitazama nyuma ya lori nikidhani utashuka. Utingo akashusha turubai, akaniambia hao ndio wote.

Odile alikuwa amesimama mlangoni amefumbata mikono, na nilijua kwamba amejiandaa kusema. Wakashuka watatu. Limnyuy akapiga magoti kumsalimu. Nsame akajificha nyuma yangu. Tatah alibaki pale aliposhushwa, ameshika gunia lake, mpaka mtu amwambie ahame. Odile alimtazama muda. Kisha akageuka, akaenda kuinjika maji ya kuoga. Habari ya chumba haijatajwa tena. Mimi nalala karakanani, na napenda harufu ya mbao.

Niliwaandikisha shule ya jirani. Baada ya majuma matatu mwalimu wa Tatah akaniita. Nilikwenda nimeshajiandaa kuomba radhi, nikikumbuka viti na dari. Mwalimu akanishika mkono. Akasema, “Bwana, katika darasa langu la watoto themanini sijapata mtulivu kama huyu. Hata nikitoka nje, hatikisiki. Umemlea.” Nilimshukuru. Nilitoka nikakaa kwenye jiwe nje ya geti mpaka kengele ikalia.

Hasomi, dada. Wewe uliniandikia anasoma magunia. Hapa Duala kila ukuta una maandishi, na tukipita yeye anaangalia miguu yake. Kalamu akiwekewa mkononi anaiacha idondoke. Mwalimu hakujua, kwa kuwa hapigi kelele. Nsame ndiye anayemjibia, hata nyumbani.

Nimemtoa shule. Nsame na Limnyuy wanaendelea, yeye nakwenda naye karakanani. Sikumwambia asome wala ahesabu. Nilimpa msasa akalainisha miguu ya viti. Akichoka anakwenda kulala kwenye vumbi la mbao, namwacha. Nimesoma tena barua yako ya Aprili, ile niliyowasomea watu wakacheka, nikaifuata. Siku moja nilimwambia tu, “Nihesabie misumari.” Akaanza. Nilisimama na randa mkononi. Alihesabu kwa kukunja vidole vyake, moja, mbili, mpaka nane. Alipofika nane akaacha, akaanza tena moja. Mpaka nane tena. Nikasema, “Tatah, baada ya nane?” Akanitazama kama mtu niliyemtukana.

Nilidhani amesahau. Jioni nilimweleza Limnyuy, tukiwa tunakula, kwamba mdogo wake amepoteza tisa na kumi. Akaweka tonge chini.

“Hajapoteza,” akasema. “Anahesabu vidole vya Shangazi.”

Nikamwambia arudie.

“Shangazi ana nane. Alituambia tusikuambie.”

Akaanza kulia, Nsame naye, na Odile ambaye hajui lugha yetu akaniuliza nani amekufa.

Dada. Niambie mwenyewe. Na kisha njoo.

Lukong


Kumbo, 9 Desemba 2018

Mdogo wangu Lukong,

Salamu kwako, kwa Odile, kwa watoto wake na wetu. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vumilia. Hata mimi nimerudi darasa la kwanza. Kidonda kimefunga. Mama Shemlon ananikamulia nguo na kunitolea maneno mabaya, ndivyo anavyopenda watu.

Ulitaka nikuambie mwenyewe. Ilikuwa Julai. Tulitoka kusaga, mimi na pacha, unga kichwani. Kwenye njia panda wale wa msituni walikuwa wameweka gogo na ubao umeandikwa kwa rangi. Vijana watano hivi. Mmoja nilimfundisha mimi darasa la kwanza. Jina lake sitaliandika, na alinigeuzia mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulipokaribia Tatah akaachia mkono wangu, akakimbia mbele, akasimama chini ya ubao, akasoma: “Si-ma-ma. Shangazi, simama!” Alifurahi sana. Lilikuwa neno la kwanza alilokutana nalo njiani.

Mkubwa wao akachuchumaa mbele yake. Hakuwa mkali.

“Wewe mdogo, unajua kusoma?”

“Najua.”

“Kakufundisha nani, na shule hakuna?”

Tatah aliniangalia. Wote walikuwa wananiangalia, sikuweza kutikisa kichwa. Akasema, “Shangazi. Tunasomea kwenye maharage.”

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani kicheko kitatuvusha. Kisha yule mkubwa akaniuliza naandika kwa mkono upi. Nilimwomba watoto wapelekwe mbele kidogo, nyuma ya mti. Nsame walimpeleka. Tatah aling’ang’ania kanga yangu, hawakuweza kumtoa, wakachoka wakamwacha hapo hapo. Basi. Hayo mengine unayajua.

Njiani kurudi hakulia. Alibeba unga. Nyumbani alikaa kwenye kile kiti cha meza nilichokuwa namfunga kwa kanga, akatulia, na hakuinuka mpaka nilipomwinua. Nilimwambia kwamba si yeye. Nilimwambia kila siku mpaka lori lilipokuja. Alinisikiliza vizuri, na ndilo lililoniumiza, kwa kuwa zamani hakuwa mtu wa kunisikiliza.

Kuja siji. Usinibishie. Wajukuu watatu wa Mama Shemlon, na wengine wa upande wa chini ambao nyumba yao ilichomwa, wanakuja hapa kunichambulia maharage kwa kuwa mkono mmoja haunitoshi. Ni wakorofi kuliko wako. Siwapi ratiba. Tunachambua, tunahesabu, na mtu akipita tunaimba wimbo wa kanisa. Ukiniuliza kama naogopa, naogopa kila mbwa akibweka.

Ulivyofanya kwa Tatah umefanya vizuri. Usimharakishe. Usimwonyeshe maandishi. Akifika nane mwache aanze tena moja, mwaka mzima kama ni lazima, misumari haitaisha. Siku atakayotaka tisa ataitafuta mwenyewe. Na kama siku hiyo haitakuja, mfundishe kazi ya mbao na umpende.

Chini hapa nimemwandikia yeye. Usimlazimishe kusoma. Msomee akiwa amekushika mahali, kanga au shati, kisha unyamaze, usimuulize lolote.

Tatah mwanangu, ni Shangazi. Herufi hizi zimepinda kwa kuwa mkono huu ni mgeni, unajifunza, na hauna mtu wa kuucheka hapa kwa kuwa wewe umeondoka. Siku ile pale njia panda niliona aibu na nikaogopa, nikasahau kukuambia jambo ambalo mwalimu anapaswa kumwambia mtoto. Neno lile ulilisoma sawasawa.